Mbuzi Asiyeingia Kwenye Simu

Kabamba François
Mkuu wa treni, mstaafu
Shituru, Likasi

Kwa Papa Kabongo Michée,
Baba wa Orpha,
Kakontwe

KUHUSU: Mahari yetu mliyoirudisha, na mbuzi

Papa Kabongo mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima yote niliyobaki nayo tangu Jumapili. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Orpha na watoto, na kwamba utaisoma ukiwa umekaa na umeshakula. Sisi huku Shituru tu wazima, isipokuwa mpwa wangu Rolly, ambaye siku hizi anakula kama mtu anayelipishwa kwa kila tonge.

Naandika kama mjomba wake na msemaji wa ujumbe uliofika kwako baada ya misa kuleta mahari ya binti yako. Unakumbuka mambo yalivyokwenda. Tulikuja na nguo zilizopigwa pasi, tukakaa kwenye viti mlivyotupangia, nikasimama nikaanza hotuba. Mahari yote ilikuwa ndani ya simu, katika sarafu ya kidijitali inayoitwa Kroazeti, aliyoitengeneza Rolly mwenyewe kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu. Mkataka kuiona. Simu ikaomba neno la siri, Rolly hakuliandika, jamaa zako wakacheka, na tukarudi nyumbani kwa miguu, mahari ikiwa mfukoni. Mimi ni mtu wa reli. Treni ikitoka njiani naandika ripoti, siwezi kulala bila kuiandika. Kwa hiyo nakuwekea malalamiko yangu kwa namba.

1. Mbuzi.

Hotuba yangu ilikuwa haijafika hata kwenye sehemu tamu, dada yako Princesse, shangazi wa bibi harusi, alipokata maneno na kuuliza: “Mbuzi iko wapi? Minye naona telefone tu.” Papa, sina ugomvi na mbuzi. Nimewasafirisha wengi, tena walinisumbua kuliko abiria wasio na tiketi. Kilichoniuma ni pale mliposema tumeleta mambo ya kigeni kwenye jambo la mila.

Mila ipi? Kabla ya reli, kabla ya Wabelgiji, kabla mji huu haujabandikwa jina la mtu wa Ulaya na kuja kurudishiwa la kwake, wazee wa nchi hii waliyeyusha shaba na kuimimina iwe na umbo la msalaba. Misalaba ile ilisafiri migongoni mwa watu mpaka kwenye nchi ambazo mimi na treni yangu hatukufika. Walinunulia chumvi, walilipia makosa, na walioa nayo. Sasa nakuuliza, msalaba wa shaba unalia? Una mkia? Unaweza kuchinjwa wageni wakija? Hakuna baba wa wakati ule aliyeugeuzageuza akitafuta kwato. Aliupokea, akamwita binti yake, mambo yakaisha. Kroazeti imechukua jina la Kifaransa la msalaba ule, na picha yake. Ukiangalia vizuri utaona kwamba Jumapili sisi ndio tulioleta mila, na ninyi ndio mlioleta uzushi wenye pembe.

Naongeza historia kidogo, kwa kuwa nimeiishi. Mama yangu alikuwa na sarafu ya Katanga ilipojitenga ikawa nchi, yenye ndizi upande mmoja na msalaba upande wa pili. Nchi ile iliisha, sarafu ikawa kitu cha kuchezea watoto. Mimi nimelipwa kwa zaire, nikalipwa kwa zaire mpya, ambayo upya wake haukudumu, nikalipwa kwa faranga, na leo mwenye duka ananitajia bei kwa dola na kunirudishia chenji kwa pipi. Mara ngapi nimelala na mshahara nikaamka na karatasi! Katika miaka yote hiyo mbuzi alibaki mbuzi. Naona sentensi hii ya mwisho inasaidia upande wako, lakini naandika kwa wino na sipendi kukatakata maneno, basi tuendelee.

2. Soko huria.

Ili usidhani naropoka, ujue kwamba nilisafiri kwa basi mpaka Lubumbashi kuhudhuria semina ya uchumi mpya. Mwalimu wetu alikuwa kijana mmoja anayeitwa Magloire, mwenye viatu virefu mbele na suruali fupi chini, na alitufundisha kwamba bei halali ni ile wanayokubaliana watu wawili walio huru, bila waziri kuingilia. Wenzangu walinakili. Mimi sikuhitaji, maana niliyaona hayo Sakania miaka mingi iliyopita, mpakani, wanawake wakibadilisha kwacha na faranga mapajani mwao, bila benki, bila kaunta, na kila mtu anaondoka akiamini amemzidi mwenzake akili. Nilitoka kwenye semina ile nimelewa bila kunywa. Njia nzima ya kurudi nilimweleza jirani yangu kwenye basi uhuru wa bei, mpaka akashuka kabla ya kwao.

Sasa linganisha na nyumba yako. Shangazi Princesse ametangaza: suti ya baba, vitenge vya mama, gunia la chumvi, jembe, taa ya mafuta, mbuzi. Nilipouliza kwa adabu nani aliyepanga bei hizi, akasema ni mama yake. Na mama yake? Mama wa mama yake. Papa, hilo si soko, hiyo ni wizara. Tena Orpha ana muuzaji mmoja tu, na Magloire alitueleza vizuri, kwa mchoro ubaoni, jinsi mnunuzi anavyoteseka mbele ya muuzaji mmoja. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niulize kama Kakontwe hakuna Orpha wengine, ili bei ipate kupumua, mke wangu Gertrude akanifinya mbele ya watu.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, nilipofika nyumbani nilimweleza Rolly upande wa pili pia. Nilimwambia kwamba soko likiwa huru kweli, wanunuzi nao wataongezeka, na anaweza kutokea mfanyabiashara wa madini mwenye gari akatoa mara kumi kwa ajili ya Orpha, na hiyo ndiyo itakuwa bei yake ya haki. Rolly aliweka kijiko chini. Ni tangu wakati huo ndipo alipoanza kula vile nilivyokuambia, na gharama ya afya yake naiweka juu ya familia yako.

3. Faktire.

Kabla ya ziara mlitutumia orodha ya mahari, ile tunayoiita faktire. Hapa inabidi nikueleze jambo moja zuri sana. Kuna watu duniani wanaandika programu za kompyuta na kuziacha wazi. Yeyote anaweza kuzisoma, kuzinakili, kuzirekebisha, mradi marekebisho yake nayo ayaache wazi kwa wengine. Kroazeti ilizaliwa hivyo hivyo: Rolly alichukua kazi ya watu asiowajua, wengine wako kwenye nchi za theluji, akabadilisha jina, picha na mambo mengine ya ndani nisiyoyaelewa, na hakuna hata mmoja aliyemdai mbuzi. Niliposikia hayo Lubumbashi nilitamani kupiga makofi peke yangu. Nilipiga.

Basi nikaichukua faktire yenu nikaifanyia heshima hiyo hiyo. Taa ya mafuta niliifuta, maana umeme ukikatika Orpha ana simu yenye tochi. Jembe nililigeuza kuwa mkasi, kwa sababu Orpha ni fundi cherehani na sijawahi kumwona akilima. Suti yako niliipunguza ikawa koti peke yake, kwa kuwa kwenye picha za harusi baba wa bibi harusi hukaa nyuma ya meza na suruali haionekani. Nikaandika marekebisho yote kwa wino mwekundu na kuwarudishia, nikitegemea shukrani. Mkasema ni matusi.

Madhara yake ninyi hamyajui. Nakala niliiacha wazi, kama sheria inavyotaka, na jirani yangu Dodo, ambaye mwanawe anaoa kule Panda, akaniomba. Nikampa. Wakwe zake wa Panda wakaisoma, wakasikia kwamba inaruhusiwa kuboresha, wakaboresha: walirudisha taa, mara hii ya jua, wakaongeza pikipiki. Kutoka Panda ikaenda Kikula, ambako hawakufuta kitu, waliongeza friji. Sasa ninavyosikia, jioni zote mjini hapa kina baba wenye mabinti wanakaa barazani wanaboresha. Juzi toleo moja limerudi mpaka Shituru, lina kurasa, na chini yake limeandikwa jina langu kama mwanzilishi. Wanawake wenye watoto wa kiume wakiniona wanahamia upande wa pili wa barabara, na Dodo hanisalimii. Mngekubali toleo la kwanza, yote haya yasingetokea.

4. Kuhusu baba mwingine.

Katika ulimwengu huo wa programu, watu wakishindwa kuelewana hawagombani. Kundi moja linachukua nakala ya kazi nzima na kuendelea nayo bila wengine. Ni haki yao. Kwa msingi huo nakutaarifu rasmi kwamba nimeanza kuandaa nakala ya familia yako. Itakuwa na Orpha yule yule. Mama Orpha atabaki kama alivyo, kwani hatuna lalamiko lolote dhidi yake. Shangazi hatakuwamo. Na kutakuwa na baba anayepokea Kroazeti.

Nafasi ya baba nilimpelekea Dodo, kwa sababu tayari ana suti. Alinisikiliza akiwa amesimama langoni kwake, bila kunisalimu. Akafikiri. Akakubali. Halafu akadai mbuzi, kwamba hana budi kuanza kujiwekea akiba ya ile pikipiki. Unaona mlipotufikisha? Mmepandisha bei mpaka ya baba wa nakala. Gertrude naye akauliza kama Orpha ameulizwa. Nikamwambia Orpha hanakiliwi, Orpha ni mmoja tu. Gertrude akasema hivyo ndivyo Rolly anavyosema siku zote, na kwamba ningemsikiliza yeye nisingehitaji nauli ya Lubumbashi.

5. Neno la siri.

Hili nimeliacha mwisho kwa sababu ni gumu kuliandika, na utaona kwa nini.

Rolly alimfahamu Orpha siku vijana wa kwaya walipokwenda kutembea kwenye maporomoko ya Mwadingusha. Simu ya Orpha ilianguka majini, wenzake wakaanza kuiombolezea, Rolly akaifungua hapo hapo juu ya jiwe, akaikausha kwa shati lake, akaenda nayo nyumbani akailaza ndani ya mchele wetu. Ilipofufuka, mambo mengine nayo yakaamka. Tangu mwaka ule kila sarafu aliyolipwa na wateja wake aliiweka upande kwa ajili ya mahari, na wote wanaotumia Kroazeti wanaiona kwenye daftari la pamoja, maana halifichwi. Kinachofichwa ni neno la kuifungulia pochi yake tu. Rolly alitafuta neno ambalo hakuna mtu wa familia yetu angelitoa mdomoni, hata akilewa, hata akiota, hata mimi. Akachagua jina la mama wa Orpha.

Papa, wewe ni mtu wa mila kuliko sisi sote. Unajua kwamba kijana hatamki jina la mama mkwe wake, wala haliandiki, na sisi wazee wake hatulitamki. Hata kwenye barua hii unaona naandika Mama Orpha, Mama Orpha, kama mtu aliyesahau. Sasa rudi Jumapili. Simu iko mkononi mwa Rolly. Mama Orpha yuko nyuma ya pazia, kama desturi inavyotaka, na sote tunaona miguu yake. Simu inaomba jina. Rolly anaangalia simu, anaangalia pazia, jasho linamshuka mpaka kwenye kola niliyoipiga pasi mwenyewe. Angesema nini? Angewaambia kwamba pochi inafunguliwa kwa jina la yule aliyesimama pale? Ndipo shangazi aliposema: “Huyu kijana iko na bongo. Makuta haiko mule.” Mkacheka. Mlimwita mwongo, asiye na pesa ndani ya simu, mtu ambaye kosa lake lilikuwa kumheshimu mkeo kupita kiasi.

Na tazama hesabu yenyewe ilivyo. Mkimkubali, Rolly atakuwa mkwe, na mkwe haliandiki jina lile, kwa hiyo mahari haitatoka. Mkimkataa, si mkwe tena, anaweza kuliandika asubuhi mpaka jioni, mahari yote itatoka, na hakuna wa kumtolea. Nilipoligundua hili nilicheka peke yangu mpaka Gertrude akaja kunigusa paji la uso. Halafu nikamwendea Rolly kibandani. Nikamwambia mambo yamekwisha Kakontwe, wewe sasa ni mtu huru, andika jina, toa mali yako, fungua duka, kula. Akaendelea na simu ya mteja, hakuinua kichwa. Akanijibu: “Mujomba, nikiandika ile jina, njo nimekubali kama Orpha hatakuwa bibi yangu.”

Kwake kuliandika ni kukubali kwamba amemkosa Orpha. Nilikaa pale kwenye benchi la wateja mpaka akafunga. Mpaka ninapoandika barua hii hajaligusa. Mali yake ya miaka yote iko mbele yake, neno analijua, na anakaa nayo kama mtu anayelinda kaburi. Nimeumia, Papa Kabongo. Nimeandika malalamiko manne kwa furaha ya kubishana, lakini hili la tano nimeliandika kwa kuumia.

Kwa hayo yote naomba familia yako: ikubali rasmi kwamba sarafu ni mila na mbuzi ni uzushi, ifute bei za mama wa mama yake shangazi, iiache faktire wazi lakini izuie pikipiki, imrudishe Dodo kwenye nafasi yake ya jirani, na impokee Rolly kama alivyo, na simu yake kama ilivyo, imefungwa. Mahari isiyofunguka ni mahari isiyoliwa, na isiyoliwa haiishi. Mbuzi wako angekuwa ameshaisha Jumapili ile ile. Juu ya mbuzi hatutarudi nyuma hata hatua moja, na hapo nimemaliza.

Nisalimie Mama Orpha, popote alipo nyuma ya pazia. Nisalimie watoto, na wenzako wa machimbo ya chokaa, na yule mbwa aliyetusindikiza mpaka barabarani, ambaye peke yake alionyesha kusikitika. Nisalimie hata Shangazi Princesse, ila akijibu asinijibu mimi.

Wako katika ukwe ambao bado tunaujadili,
Kabamba François

Nyongeza. Barua ilikuwa imeshafungwa ndani ya bahasha. Nimeichana bahasha, kwa kuwa karatasi nzuri zimeniishia na siwezi kuiandika upya. Mama Orpha alikuwa hapa. Gertrude anasema nisikuandikie hili, bali nimwache yeye akuambie, lakini nimeshaanza. Rolly alimwambia Orpha kuhusu lile neno, Orpha akamwambia mama yake, na mama yake akapanda pikipiki mpaka Shituru wakati wewe uko kazini. Rolly alipomwona langoni alikimbilia jikoni akajifungia, kama inavyotakiwa. Mimi niligeukia ukuta. Mama Orpha alimwomba Gertrude simu ya Rolly, iliyobaki mezani, akakaa kwenye kiti changu, akaandika jina lake mwenyewe kwa kidole kimoja, na simu ikafunguka. Gertrude alimwita kijana wa kibanda cha kutuma pesa, anayezikubali Kroazeti, akapiga hesabu kwa bei ya soko huria ya leo. Miaka yote ile ya Rolly imefika mbuzi mmoja, wa umri wa kati, bila kamba. Mama Orpha aliziuza zote hapo hapo, bila kuuliza semina. Kwa hiyo malalamiko yangu naomba uyachukulie kama hayakuandikwa. Tunakuja Jumamosi na mbuzi, kamba naitoa mimi. Mama Orpha alipokuwa anaondoka, Gertrude alimwomba radhi kwamba mali yenyewe ni ndogo hivyo. Akamjibu akiwa ameuelekea mlango wa jikoni: “Mbuzi moya inatosha. Minye nilikuwa nataka tu kuona kama ni jina yangu njo iko mule.” Rolly alisikia. Ametoka jikoni sasa hivi na anakula.